Mke Wangu wa Chumba cha Kupanga

Wasomaji wenzangu, mimi ni mzee wa miaka sitini na minane. Nilikuwa fundi wa nguo mpaka macho yakakataa. Hapa Kibwezi watu wananijua kwa ukali. Watoto wakipiga kelele mlangoni kwangu nawafukuza, na mama zao wanasema, mwacheni huyo, hakuzaa, atajuaje utamu wa mtoto?

Hakuzaa! Laiti wangejua... Nilizaa, tena binti. Ngoja niwaambie jinsi alivyonipotea, ili msije mkaniombea mabaya bure.

Ilikuwa miaka ya thelathini, baada ya nzige kupita. Nilikuwa kijana, na nilitoka nyumbani nikaenda Kitui mjini, nikapata cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi. Sijisifu, lakini kaptura niliyoshona mimi haikufumuka ovyo! Jioni tulifunga mashine, na mimi nikalala hapo hapo nyuma ya duka, juu ya magunia, panya wakinipita usoni.

Nilitaka chumba. Na si chumba cha pembeni kule, la! Nilitaka katikati ya mji wenyewe, kwenye nyumba za Waswahili.

Kitui ni mji wa zamani. Kabla Mzungu hajajenga boma lake, Waswahili walikuwa wamekwisha kufika na misafara yao, wakaoa, wakajenga, wakazeeka hapo. Mtaa wao haukunyamaza. Muuza kahawa anagonga vikombe vyake, adhana inaita, malori yanashuka kutoka Mwingi na ngozi za mbuzi, wachuuzi wanagombana na kupatana hapo hapo. Jioni Wahindi wanawasha karabai, na mtaa unakuwa mweupe. Mimi mtoto wa porini nilipoona taa ile mara ya kwanza, sikutaka tena kusikia habari za nyumbani.

Wakati huo nilikuwa nimempata Syokau. Alikuwa msichana wa kutoka upande wa Mwingi, aliyekuja sokoni kuuza mbegu za mbarika, zile za mafuta. Alileta kitambaa nimshonee gauni. Nilimpima, nikakosea makusudi, akarudi nimpime tena! Alicheka, akaniambia fundi gani huyu asiyejua kupima. Baada ya miezi kadhaa alikuja kwangu bila kuwaaga wazazi wake. Vijana tulifanya hivyo, halafu wazee wanafuata kurekebisha.

Nikasikia chumba cha mbele kwa Bi Zaituni kimebaki wazi. Kilikuwa na dirisha la kuangalia barabarani, na kila mtu alikitaka, makarani, maaskari, wote. Nikamchukua Syokau tukaenda mbio.

Bi Zaituni alikuwa mjane wa Kiislamu, mnene, mwenye maneno ya haraka. Alituangalia kutoka juu mpaka chini. Akauliza, "Huyu ni mke wa kuoa au mke wa kuokota? Nina mabinti ndani humu. Mambo ya ovyo sipangishi."

Nikasema ni wa kuoa, mama. Syokau akaangalia chini. Tukapewa ufunguo.

Siku hiyo hiyo Syokau akaniambia, usinifanye mwongo kwa mama wa watu, peleka ntheo kwetu. Kwa wasiojua, ntheo ni wale mbuzi ambao Mkamba huwapeleka kwa wazazi wa msichana. Bila hao huna mke, hata mkikaa mpaka mzeeke. Na watoto mtakaozaa si wako, ni wa baba wa huyo msichana.

Mbuzi nilikuwa nao. Lakini mtu wa kupanga ana zizi wapi? Kila nilichopata kwa cherehani nilimtumia kaka yangu mkubwa, Muli, kule Kibwezi, ananunua mbuzi na kunichungia. Baba yetu alikuwa amefariki, kwa hiyo Muli ndiye aliyekuwa baba. Na kwa desturi kijana hajipeleki mwenyewe kusema, wazee wake ndio wanaosema. Nikamwomba achukue wazee wawili, awapeleke mbuzi wangu Mwingi. Muli akakubali, tena akanibariki!

Baada ya muda akaja Kitui. Aliketi kwenye kitanda chetu, akala sahani mbili za muthokoi wa Syokau, yale mahindi ya kukoboa, akatusimulia yote. Jinsi baba yake Syokau alivyomshika mbuzi sikio, jinsi akina mama walivyopiga vigelegele, jinsi mzee alivyokuwa akikohoa akitoa baraka. Syokau akasema, lakini baba hakohoi. Muli akajibu ni baridi tu imempata. Sote tukacheka... Wuui! Tulicheka kweli!

Kisha akasema kuna jambo moja. Mzee amepokea mbuzi, lakini ana kinyongo kwa sababu binti aliondoka bila kuaga. Amesema Syokau asikanyage kwake mpaka yeye mwenyewe amwite.

Syokau alilia, halafu akajipangusa. Alisema hasira za baba hazikai, ataniita tu.

Tukasubiri.

Kila lori la Mwingi liliposimama, Syokau alikuwa dirishani. Kulikuwa na mchuuzi wa mbuzi, Hassan, Msomali mpole, aliyepita kila mara akienda na kutoka Mwingi. Syokau alimwuliza, baba hajasema kitu? Hassan akasema nilimpa salamu zako, mzee akanyamaza. Tukajua kinyongo bado kipo.

Akazaliwa binti. Tulimwita Nduku, jina la mama yangu, kama desturi ya mzaliwa wa kwanza wa kike. Alikuwa mweusi mzuri, na alipenda kukaa chini ya mashine yangu akiokota vipande vya nguo. Bi Zaituni alimbeba kama mjukuu wake.

Syokau akaanza kunisihi. Twende Mwingi, tumpeleke mtoto, tupige magoti, baba akimwona atalainika. Nikamwambia mzee amesema asubiriwe, unataka atulaani? Hayo ndiyo niliyomwambia. Ukweli mwingine niliuficha moyoni, nao ni huu: niliogopa kukipoteza chumba! Bi Zaituni hakutaka chumba kifungwe. Ukisafiri, ukirudi unakuta mtu mwingine, na wenye kukitaka walikuwa wakipita dirishani kila siku wakituchungulia. Nikaona nikiondoka, narudi kwenye magunia na panya. Mnaona akili yangu? Mke ananililia mama yake, mimi nafikiria dirisha!

Hivyo miaka ikapita. Nduku akawa wa kutumwa dukani na kurudi na chenji.

Halafu ikaja mvua kubwa, na homa. Syokau alishikwa akiwa anafua uani. Nilimpeleka hospitali, akapewa dawa, akarudi, akashikwa tena. Alikonda hata yale magauni niliyomshonea yakawa yanamvuka. Akasema, sitaki dawa tena, nataka kumwona mama.

Nikamtuma Hassan. Mwambie mzee kama ana kinyongo, anilaani mimi, lakini amwache mama aje.

Wakaja wote wawili kwa lori, baba na mama. Nikamshukuru Mungu, nikasema leo mzee amesamehe. Nilimkimbilia kumpokea mzigo. Hakunipa hata mkono.

Mama akamwinamia bintiye, akamwuliza akilia kwa nini aliwaacha miaka yote wakiangalia njia. Syokau akasema kwa sauti ndogo, "Baba ndiye aliyesema nisije."

Mzee akashtuka. "Mimi? Nilimwambia nani?"

Nikaingilia kati. Nikamkumbusha mbuzi, nikamkumbusha kaka yangu na wazee wawili. Mzee akaniangalia kama mtu anayeongea na kichaa. Akasema, "Kijana, kwangu hakujafika hata kwato la mbuzi wako. Nilikuwa nikisikia salamu za Hassan, nikasema huyu msichana anaishi na mwanamume asiyetujua, halafu ananitumia salamu. Nikasubiri aje mwenyewe aniambie."

Muli! Ndugu yangu wa tumbo moja, aliyekula muthokoi kwenye kitanda kile!

Syokau aliniangalia. Ningependa angenitukana. Alisema tu, "Kumbe ningeenda."

Hakuongea tena neno la maana. Alikufa kesho yake, mama yake amemshika miguu.

Wasomaji, nani amewahi kufiwa katika nyumba ya kupanga? Unajua ndipo unapoona huna kitu? Bi Zaituni alilia, akatoa shuka jeupe, akanichemshia maji. Lakini ningemzika wapi? Makaburi ya Waislamu ni ya Waislamu. Ya misheni ni ya watu wa misheni. Uani kwa Bi Zaituni ni uani kwa Bi Zaituni. Miaka yote ile nililipia mahali katikati ya mji, na sikuwa na futi sita za udongo!

Nikasema nitampeleka Kibwezi. Mzee akasema, "Humpeleki. Huyu ni binti yangu, hajaolewa." Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kisha wakamchukua na Nduku. Nilishika lori kwa mikono miwili, nikapiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka. Wazee wa Kikamba waliokuwa pale sokoni waliitwa, wakasikiliza, wakatikisa vichwa. Wakasema hata tukikuhurumia, mtoto hufuata mbuzi. Nduku alikuwa juu ya lori, mapajani kwa bibi yake, akiniita baba, baba, panda upesi! Hakujua. Alidhani nimechelewa kupanda.

Nilitembea mpaka Kibwezi. Nilimkuta Muli ana mke wa pili, na mimba ikionekana. Hakukataa. Alisema, wewe ulikuwa na kazi, chumba cha dirisha na mwanamke tayari, ulikuwa unapungukiwa nini? Watu wa mjini hamhitaji mambo ya ntheo. Mimi ndiye niliyehitaji mke.

Nilimpiga. Nilimpiga mpaka majirani wakanitoa juu yake. Lakini ukimpiga mwizi wa mbuzi waliokwisha kuliwa, unapata nini? Wazee walituketisha, wakamwamuru anilipe. Ukaja ukame, akasema mbuzi wamekufa. Kwa hilo hakudanganya, wetu sote walikufa.

Niliporudi Kitui, mzigo wangu ulikuwa uani. Mke wa karani mmoja alikuwa akikaanga vitunguu katika chumba chetu. Bi Zaituni hakunifokea. Aliniambia tu kwamba nilimwambia ni mke wa kuoa. Nilichukua mzigo wangu nikatoka.

Ilinichukua muda mrefu kupata mbuzi wengine. Mara hii sikumtuma mtu. Nilifuatana na wazee wawili, nikawaswaga mimi mwenyewe mpaka Mwingi. Desturi inaruhusu, unaweza kulipa hata kwa marehemu, kisha upewe mtoto. Mzee aliwatazama wale mbuzi, akasema kama wangemrudisha Syokau angewapokea. Kisha akaniuliza, "Una shamba? Una boma? Au mtoto utamlea dirishani?"

Nikarudi na mbuzi wangu.

Nilimwona Nduku mara moja tu tena. Hassan aliniambia kuna ntheo inaletwa kwa yule mzee, mjukuu anaolewa. Nikaenda, nikaketi nyuma pamoja na wapita njia, maana kwenye nyama wapita njia hawafukuzwi. Mjomba wake ndiye aliyesimama kama baba. Walimwita Kasyoka, yaani aliyerudi. Jina la mama yangu lilikuwa limekwisha kufutwa.

Alikuja mwenyewe akigawa nyama. Alikuwa na uso wa mama yake, hata kicheko. Akaniambia, "Karibu mzee, umetoka mbali?" Nikasema nimetoka Kibwezi. Akasema pole kwa safari, akaniongezea kipande.

Kwa nini sikusema? Nilikuwa nimefungua kinywa! Lakini niliwaona wale wakwe na mbuzi wao. Ningesema neno moja, wangeanza kuuliza huyu ni mtoto wa nani, ni wa mbuzi gani, na siku yake ingeharibika kama ilivyoharibika ya mama yake. Nikapokea nyama nikasema asante.

Vijana mnaokimbilia mjini, nawasihi. Chumba kizuri mpange, sikatai, hata mimi nilikipenda. Lakini ukipenda mtoto wa watu, nenda kwao kwa miguu yako. Wazee waongee kwa desturi, na wewe uwe hapo ukisikia kwa masikio yako. Usimwachie ndugu, hata awe wa tumbo moja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mimi ndiye huyo maskini. Na mkeo akililia kwao, funga mlango mwende. Chumba atachukua mwingine, achukue!

Sasa mzee wa Mwingi ni marehemu, na Muli pia. Binti yangu amekaa kwa mumewe siku nyingi, ana wajukuu, hakuna tena wa kuja kumwuliza ni mtoto wa nani. Ndiyo maana nimeandika. Mama, kama unasoma haya, najua walikuambia baba yako alikukimbia. Sikukimbia, mama. Nilikuwa nimeketi pale nyuma, na nyama uliyonipa niliila yote.