Kaushio la Notburga Lavuka Ziwa

Kila masika akina mama wa Liuli, kando ya ziwa, walitupa usipa. Samaki hao wadogo wakikosa jua siku mbili, wanaoza. Notburga alichoka kutupa. Kwa miaka mitatu alikata mabati, akaharibu, akaanza upya, mpaka akapata kaushio linalokausha usipa kwa moto wa pumba, hata mvua ikinyesha.

Serikali ya Tanzania ilimpa hataza, yaani haki ya kumzuia mtu kutengeneza kaushio hilo bila ruhusa yake. Kwa msaada wa mradi mmoja alipata hataza Malawi na Msumbiji pia.

Mradi ukaisha. Siku moja wakala wake wa hataza alimwandikia: ada za mwaka za kulinda hataza za Malawi na Msumbiji hazijalipwa. Imebaki miezi miwili, kisha haki zinakufa.

Wiki hiyohiyo alikuja Raimundi, mfanyabiashara wa Mbamba Bay.

"Mama, niuzie hataza zote tatu. Ada nitalipa mimi."

"Uza tu, mke wangu," alisema Salvatory, mumewe. "Nchi tatu tutaziweza wapi?"

Notburga moyo ulimwuma. Aliomba wiki moja, akaenda kwa Vitalia, binti wa jirani, mwanasheria aliyekuwa nyumbani likizo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimebanwa."

Vitalia alisoma barua. "Kila nchi ina hataza yake na ada yake. Usipolipa Malawi, ya Tanzania haifi. Ila kule yeyote atatengeneza kaushio lako bila kukulipa."

"Basi nimwuzie Raimundi?"

"Ukimwuzia, hata wewe utamwomba ruhusa kuliunda. Afadhali leseni. Unampa mtu ruhusa ya kutengeneza, hataza inabaki yako, naye anakupa fungu kwa kila kaushio analouza. Nani analitaka Malawi?"

"Cleopa, mwenye karakana Nkhata Bay. Ameniandikia mara mbili."

"Na Msumbiji?"

"Hakuna aliyewahi kuuliza."

"Basi fikiri kama inafaa kuilipia."

Kesho yake Notburga alimpigia Cleopa simu, akamweleza habari ya leseni na fungu.

"Ada ya Malawi utalipa wewe, pamoja na faini ya kuchelewa. Kuanzia mwakani, kila mwaka nione risiti mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho. Nisipoiona, nalipa mwenyewe na leseni inavunjika."

"Mama, wewe mgumu!"

"Kaushio hili limenila miaka mitatu, baba."

Cleopa akakubali. Vitalia aliandika mkataba, na ada ikalipwa zikiwa zimebaki siku tisa. Hataza ya Msumbiji Notburga aliiacha ife. Ilimwuma, lakini hakuyumba. Raimundi naye aliporudi, aliambiwa, "Siuzi. Ukitaka leseni ya hapa nyumbani, karibu tuandikiane." Alinung'unika, kisha akatia saini.

Masika yaliyofuata Cleopa aliuza makaushio arobaini. Fungu la Notburga lililipa ada ya Tanzania, na la ziada likabaki.

Salvatory alimkuta mkewe akipima bati jipya.

"Unaunda nini tena?"

"Kaushio dogo, la kubebeka kwenye mtumbwi. Ila safari hii, kabla ya kuomba hataza ng'ambo, tutajua kwanza nani atailipia."

"Nishike wapi?" aliuliza Salvatory, akainama kumshikia bati.