Mstari wa Njano kwenye Mashine ya Milimita

Majirani walimwita Milimita, na jina likamkaa. Alikuwa mtu wa kukuambia mguu wa meza ni mfupi kabla hujaweka kikombe juu yake. Mkate wa nyumbani aliukata yeye, vipande sawasawa, na mkewe alimcheka kila asubuhi. Baada ya chai wote wawili walivuka ua na kufungua karakana yao. Humo walichonga bushi za pampu za maji, vile vipande vya chuma vya mviringo vyenye tundu katikati. Milimita alisimama kwenye mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta. Mkewe alikaa mezani na kupima kila bushi iliyotoka. Hakuwa na huruma na bushi mbaya, wala na aliyeichonga.

Mashine ilikuwa na skrini, na juu ya skrini kulikuwa na mstari wa maandishi ya njano. Mstari huo ulikuwa na miezi mitatu sasa. Milimita alipowasha mashine, mstari ulitokea. Alibonyeza kitufe cha kufuta ujumbe, ukapotea. Baada ya muda ukarudi. Alifuta tena, ukarudi tena. Mwishowe alichoka kubishana nao, akabandika utepe wa karatasi juu yake. Kazi ikaendelea.

Lakini tangu mstari ule uanze kulikuwa na jambo jingine, na hilo Milimita alilipenda. Zamani ukifungua mlango wa mashine, chuma kiliacha kuzunguka. Sasa mlango ukiwa wazi mashine iliendelea na kazi yake. Milimita aliingiza ndoano, akavuta nyuzi za chuma zilizojisokota, bila kusimamisha chochote. Aliwaambia wateja kwamba mashine imemzoea. Jamani, mtu anayekata mkate kwa vipimo aliamini kwamba chuma kinaweza kumzoea binadamu!

Ndipo mgongo ukamshika. Daktari alimpa wiki mbili za kukaa, asisimame sana wala asiiname. Kulikuwa na bushi sitini za kumalizia, hivyo mkewe akasema mashine ataiendesha yeye. Milimita aliwekewa kiti karibu na mashine, akageuka mwalimu. Alimfundisha kufunga chuma, kuchagua programu na kuanzisha kazi. Alimfundisha pia kuacha mlango wazi na kuvuta nyuzi kwa ndoano, maana kufungua na kufunga ni kupoteza muda. Mkewe alifuata kama alivyoelekezwa, amevaa koti lake la siku zote, lenye mikono mipana.

Siku ya pili, kabla ya saa sita mchana, nyuzi za chuma zilinasa mkono wa koti. Koti likavutwa, na mwenye koti akavutwa nalo hadi bega likagonga fremu ya mlango. Milimita alijaribu kuinuka. Mgongo ulikataa. Alibaki ameng'ang'ania kiti. Mkono wa kushoto wa mkewe ulipapasa, ukakipata kitufe kikubwa chekundu cha kusimamisha mashine, ukakigonga. Mashine ikanyamaza. Koti lilikuwa limechanika hadi kwenye kiwiko. Mkono wenyewe ulikuwa mzima, umekwaruzwa tu.

 Kisha mkewe aliuliza kwa sauti ya chini:

"Mlango ulikuwa wazi. Kwa nini ilizunguka?"

"Imekuwa hivyo tangu yule fundi aje kuitengeneza, miezi mitatu iliyopita."

"Na ulijua kwamba si kawaida yake?"

Milimita alitazama sakafu. "Nilijua," alisema.

 Mkewe alizima mashine, akatoka na koti lake lililochanika. Milimita alibaki peke yake na aibu kubwa kuliko zote alizowahi kuonja. Alikuwa amemfundisha mke wake kuingiza mkono mahali pale. Tena alimfundisha kwa madaha.

Mkewe alirudi na jirani yao, fundi wa umeme wa kiwandani, aliyekuwa na siku ya mapumziko. Mtaani walimwita Mama Waya, kwa sababu hukosi waya mfukoni mwake hata akienda harusini. Alikuja na mkoba wa vifaa. Alimwomba mkewe Milimita awashe skrini, kisha akabandua ule utepe wa karatasi bila kuuliza nani aliuweka. Alimtazama tu Milimita. Akasoma mstari wa njano.

"Haya, shemeji, sikiliza," alisema. "Hapa pameandikwa kwamba kuna ishara iliyolazimishwa. Mlango huu una swichi. Ukiufunga, swichi inaiambia kompyuta kwamba umefungwa. Ukiufungua, inaiambia uko wazi. Habari hiyo ndiyo ishara. Sasa kuna mtu ameiamuru kompyuta isiisikilize swichi. Ameiambia iamini mlango umefungwa siku zote, hata ukiwa wazi kama ulivyo sasa."

"Lakini nimekuwa nikiufuta ujumbe kila siku," Milimita alisema.

"Umefuta maandishi. Amri iko palepale. Ndiyo maana mstari ulikuwa unarudi. Ulikuwa unakuita, wewe ukauziba mdomo."

Mama Waya alifungua ukurasa wenye orodha ya ishara zote za mashine. Kila ishara ilikuwa na safu mbili. Ya kwanza ilionyesha swichi inasema nini. Ya pili ilionyesha kompyuta imeambiwa iamini nini. Kwenye mstari wa mlango, safu hizo mbili hazikukubaliana, na pembeni palikuwa na tarehe. Mkewe Milimita aliisoma kwa sauti. Ilikuwa siku aliyokuja yule fundi.

Hapo Milimita akatoa yote. Swichi ya mlango ilikuwa inasumbua, mashine ikawa inazimika kila baada ya dakika chache. Fundi alisema swichi mpya ingechukua siku mbili. Milimita alimjibu afanye lolote, mradi mashine ifanye kazi siku ileile. Fundi alibonyezabonyeza, mashine ikaenda, akaahidi kurudi na swichi. Hakuonekana tena, na Milimita hakumtafuta. Mkewe hakuwahi kuambiwa hata neno moja.

Mama Waya alieleza kwamba mafundi hulazimisha ishara kwa dakika chache wakitafuta hitilafu, huku hakuna mtu anayefanya kazi mashineni. Wakimaliza, huiondoa amri. Hii haikuondolewa. Milimita akaomba iondolewe hapohapo.

"Bado," alisema Mama Waya. "Nikiiondoa sasa, swichi mbovu itaikatalia mashine kuwaka. Kesho utatafuta mtu mwingine wa kukulazimishia. Tunaanza na ugonjwa."

Alipitia kwanza orodha nzima kuona kama kuna ishara nyingine iliyolazimishwa. Haikuwepo. Alizima umeme kwenye swichi kuu, akaifunga kwa kufuli, na ufunguo akampa mkewe Milimita autie mfukoni, mtu yeyote asije akauwasha umeme huku mikono iko ndani. Akapima kwa testa kuhakikisha umeme umekatika kweli. Alipofungua swichi ya mlango, aliikuta imejaa chembe za chuma na maji ya kupozea. Haikufaa tena. Waliagiza nyingine ya aina ileile, na mashine ikabaki na kufuli lake.

Jioni mteja aliyeagiza zile bushi sitini alipiga simu. Milimita alipokea mwenyewe. Alimwambia mashine imesimama kwa ajili ya usalama, na kazi itachelewa siku tatu. Yule mtu alilalamika. Milimita alirudia maneno yaleyale, taratibu, hadi yule mtu akakubali. Mkewe alikuwa anasikiliza. Alimsogezea kikombe cha chai, na tangu lile tukio la mchana ilikuwa mara ya kwanza kumkaribia.

Swichi ilipofika, Mama Waya aliifunga mlangoni. Umeme uliporudi, alimwita mkewe Milimita asome ile safu ya kwanza wakati yeye anafungua na kufunga mlango. Wazi, umefungwa. Wazi, umefungwa. Walifanya hivyo mara nyingi hadi wakaridhika. Kisha akaiondoa ile amri kwa nenosiri lililokuwa kwenye kitabu cha mashine. Alionya kwamba kazi hiyo ni ya fundi anayejua, na kitabu kisiachwe ovyo. Wakazima na kuwasha. Mstari wa njano haukutokea, na utepe haukuwepo wa kuuficha.

"Msiniamini bado," alisema Mama Waya. "Jaribuni."

Bila chuma ndani na bila mtu karibu na mlango, mkewe Milimita aliuacha mlango wazi, akabonyeza kitufe cha kuanzisha. Mashine ilikataa. Alifunga mlango, ikakubali. Alifungua tena, ikapunguza mwendo hadi ikasimama kabisa. Milimita alishusha pumzi ndefu sana. Kabla ya kuondoka, Mama Waya aliagiza koti lenye mikono mipana lisikaribie tena mashine. Mkewe naye akaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kazi, kwa herufi kubwa: onyo likitokea, simamisha, soma, mwite fundi, na mwambie mwenzako.

Kesho yake alivaa ovaroli iliyobana mikononi, akafunga chuma, akafunga mlango. Kazi ilipokwisha alingoja hadi kila kitu kikatulia. Akafungua mlango, akaingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko, akautoa na bushi mpya yenye uvuguvugu. Akamnyooshea mumewe pale kitini.

Milimita aliushika ule mkono, bushi ikiwa bado ndani yake. Aliugeuza upande huu, akaugeuza upande ule, akatazama vidole kimoja kimoja.

"Nisamehe, mke wangu," alisema.

"Pima bushi, tuendelee na nyingine."

"Bushi itangoja," alisema Milimita, na hakuuachia mkono.