Majina ya Milangoni

Kwa Mzee Assani, pale Gungu mjini Kigoma, ukitaka kutoka chumbani kwenda sebuleni ilikubidi kwanza utoke nje. Vyumba vya nyumba ile vilijipanga mstari mmoja, kila kimoja na mlango wake wa kutazama uani. Kwa ndani havikuingiliana. Asubuhi Assani alitoka chumbani, akapita uani kwenda jikoni kuchemsha chai, akapita tena uani na kikombe chake, ndipo akaingia sebuleni. Mvua ikinyesha alijifunika gunia. Chai ilifika imepoa, na yeye aliinywa hivyo hivyo.

Milango yenyewe ilikuwa na maandishi ya rangi nyeupe. Mmoja uliandikwa MAMA HERITIER. Mwingine BABU WA FIZI. Mwingine WATU WA UVIRA. Mwandiko ulikuwa wa Dunia, mke wake, ambaye sasa ni marehemu.

Zamani nyumba hiyo ilikuwa kama nyumba nyingine. Kisha ukaja mwaka wa tisini na sita. Vita ilikuwa Kongo, na watu walivuka ziwa kwa maboti, wengine na mtoto mgongoni tu. Siku moja Dunia alikwenda Katonga kununua dagaa. Alirudi bila dagaa, ameongozana na mwanamke mjamzito aliyejitwika beseni. Kesho yake alirudi na mzee kutoka Fizi na wajukuu zake. Assani aliwapokea. Babu yake mwenyewe alikuja kutoka ng'ambo hiyo hiyo.

Nyumba ikajaa. Watu walipitana vyumbani, huyu anavaa, yule anapita. Dunia hakupenda. Alimwambia mumewe kwamba mtu aliyeacha kwake asinyimwe na sitara pia. Basi Assani, aliyekuwa fundi wa maboti, akaziba milango ya ndani kwa matofali, akatoboa milango ya nje. Wageni wakawa wanapotea, wanaingia kwa wenzao. Dunia akachukua rangi ya boti na kuandika majina.

Hizo ndizo siku ambazo Assani alizikumbuka kila alipokaa uani peke yake. Sufuria moja kubwa, ugali wa muhogo, watu wanacheka kwa Kibembe na Kiswahili cha Uvira. Dunia katikati yao, kitenge kimefungwa kiunoni, anamgombeza kila mtu kwa upendo.

Wakubwa wa serikali nao walikuja mara moja tu. Walihesabu watu, wakanywa chai ya Dunia, wakaondoka. Hata bati moja hawakuleta. Baadaye malori yalichukua wageni kuwapeleka kambini. Miaka ikapita. Dunia alipougua, gari la wagonjwa lilikuwepo lakini halikuwa na mafuta. Tangu siku hiyo, mtu yeyote mwenye faili kwapani alikuwa adui wa Assani.

Sasa paa lilikuwa limeliwa na mchwa. Binti yake Faila, anayeishi Tabora, alimpigia simu na kumwambia bila kuzunguka. "Baba, mvua za mwaka huu zisikukute humo. Ama paa jipya, ama uje kwangu tuifunge nyumba."

Assani hakutaka kwenda Tabora. Angemwacha Dunia na nani? Alikuwa na boti moja ya dagaa iliyomletea kipato, na leseni ya makazi ilikuwa kwa jina lake. Akaenda benki kuomba mkopo wa kuezeka, nyumba iwe rehani.

Benki ilimtuma mthamini, yaani mtu wa kupima nyumba ina thamani gani. Alikuwa mama wa makamo aitwaye Aikande, mwenyeji wa Moshi aliyehamishiwa Kigoma. Alimwamkia mzee, akapima kuta, akatazama paa. Kisha akauliza kwa adabu katika vyumba hivi wanakaa akina nani.

Assani hakuinuka kwenye kiti. "Si umesoma, mama? Milango imeandikwa. Soma."

Aikande akasoma. Akaandika. Akashukuru na kuondoka.

Jibu lilipokuja, mkopo ulikuwa umekataliwa.

Jioni hiyo, kwenye kahawa, Assani aliwasema wakubwa wote, kuanzia wa benki mpaka wa barabara. Jirani yake Dismasi alimsikiliza mpaka kikombe kikaisha.

"Assani, mimi mwenyewe nikija kwako sijui nibishe hodi kwa nani," alisema. "Huyo mama kasoma majina ya watu, wewe unataka akuandike wewe?"

Watu wakacheka. Assani akalipa kahawa yake akaondoka amenuna. Lakini maneno yale yalimfuata. Asubuhi alivaa kanzu, akapanda bodaboda mpaka ofisini kwa Aikande, amejiandaa kugomba.

Aikande alimpa kiti. Alimweleza kwamba ni haki ya mwombaji kuuliza sababu ya kukataliwa, na kwamba wengi hawaulizi.

"Baba, benki inajiuliza jambo moja," alisema. "Huyu mtu akishindwa kulipa, nyumba itauzika? Sasa mimi nimekuta kila chumba kina mlango wake, kufuli lake na jina lake. Nyumba ikiuzwa, si watatoka watu kila mlango na kusema hiki ni changu?"

"Hakuna mtu mle. Niko peke yangu."

"Nilikuuliza, ukaniambia nisome."

Assani alitazama mikono yake. Halafu, kwa sauti ya chini, akaanza kusimulia habari za mwanamke na beseni, za matofali na za rangi ya boti. Aikande aliiweka kalamu mezani.

"Pole sana, baba," alisema baada ya mzee kumaliza. "Ungeniambia haya siku ile, ningejua la kuandika. Lakini bado inarekebishika."

Akamweleza taratibu. Afungue milango ya ndani ili nyumba iwe nyumba moja. Apate watu wa kushuhudia mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba nyumba ni yake, na kama yupo mtu kati ya walioandikwa, huyo ndiye bora. Binti yake ajue na akubali, maana ni mrithi. Kisha aombe uthamini upya.

"Na jambo la mwisho. Rehani si mchezo. Ukishindwa kulipa, nyumba inakwenda. Kopa ya paa tu, na uwe na uhakika boti yako inaweza kulipa."

"Na majina niyafute?"

"Jina si kosa, baba. Kosa ni jina hilo kukaa kwenye mlango wa nje, kama la mwenye chumba."

Assani alikwenda Katonga kumtafuta Heritier, mtoto wa yule mwanamke wa beseni, aliyezaliwa kwenye chumba cha mama yake. Sasa alikuwa ametoka kambini, fundi mwashi, mtu mzima mwenye watoto. Alishuhudia kwa mwenyekiti kwamba hadai hata tofali. Faila naye alikubali kwa simu. Kisha Heritier akaja na nyundo.

"Papa Assani, mimi ndiye nitabomoa," alisema. "Mama alisema kwenu tulilala kama watu. Sitaki malipo."

Walitoa matofali ya ndani, wakazibia nayo nafasi za nje. Ukabaki mlango wa mbele na wa jikoni. Mbao za milango ya nje Assani hakuzitupa. Alizipunguza kwa randa na kuzifunga ndani, kwenye nafasi zilizofunguliwa, majina yakiwa bado juu yake.

Aikande aliporudi, Assani aliinuka kumpokea. Alimtembeza chumba kwa chumba, akimweleza nani alikaa wapi. Mara hii mkopo ulikubaliwa. Alikopa ya paa tu. Kila mwezi boti ililipa, naye alikwenda benki mwenyewe, akiendelea kuwasema wakubwa njia nzima.

Mvua za Novemba zilikuta mabati mapya. Asubuhi moja ilinyesha sana. Assani alichemsha chai, akachukua gunia lake msumarini kwa mazoea, akasimama kwenye mlango wa jikoni akiitazama mvua inavyopiga uani.

Kisha akakumbuka. Akalirudisha gunia msumarini. Akageuka na kikombe chake, akasukuma mlango wa BABU WA FIZI, akasukuma wa WATU WA UVIRA, akasukuma wa MAMA HERITIER, akaingia sebuleni.

Chai ilikuwa bado ya moto.