Kuku Mlangoni kwa Hakimu

Kijijini Zuzu asubuhi huanza na vumbi. Upepo ukitokea upande wa reli, hata uji huingia mchanga. Kwa hiyo Ruthu alikuwa na kazi moja kabla ya kazi zote. Alichukua maji yaliyooshea vyombo, akanyunyizia ua, ndipo akafagia. Alifanya hivyo kwa ajili ya mjukuu wake Emiliana, mwenye miaka sita na ugonjwa wa pumu.

"Usitoke bado," alimwambia. "Ngoja vumbi lilale."

"Limelala, bibi?"

"Bado linajigeuza."

Emiliana alicheka. Mama yake, Dorothea, alikuwa binti pekee wa Ruthu na mumewe Elieza. Dorothea alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Tangu hapo Ruthu ndiye aliyemlea. Alikijua kifua cha mtoto yule kuliko alivyolijua shamba lake. Alijua kikohozi cha mafua na kikohozi cha pumu. Dawa ya kuvuta aliipata hata taa ikiwa imezimika.

Mwaka jana, baada ya kuvuna mtama, baba wa mtoto alikuja. Jina lake Sila, fundi wa kujenga, mkazi wa Msalato. Hakuja kwa ugomvi. Alikula, akashukuru, kisha akasema, "Baba, mama, mmenisaidia sana. Sasa namchukua mwanangu."

Ruthu alilia waziwazi. Elieza hakumpinga mkwewe. Yeye ni Mgogo wa zamani, na kwao mtoto ni wa ukoo wa baba. Ng'ombe wa mahari walifika wote. Sila akaondoka na mtoto.

Lakini Sila hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Kazi zilimpeleka mbali, wiki baada ya wiki. Mtoto alimwachia jirani aliyekaanga maandazi ya kuuza, ndani ya chumba kilekile walicholala. Ruthu alipokwenda kumtazama, alimkuta Emiliana amekaa juu ya ndoo karibu na jiko. Moshi umejaa. Mabega ya mtoto yanapanda na kushuka.

"Haendi shule?" Ruthu aliuliza.

"Anakohoa mno," jirani alijibu. "Mwalimu alimrudisha."

Ruthu alimpigia simu Sila, akamwomba amrudishe mtoto Zuzu. Sila alikataa. "Mama, nitamtunza mwenyewe. Watu watasema nimeshindwa." Basi wazee wale wawili wakaenda mahakamani kuomba malezi ya mjukuu wao.

Ombi lilipokelewa. Elieza akamuuliza karani, "Mwanangu, sheria inasemaje?"

Karani alikuwa kijana mwema, ila alikuwa na haraka. Alifungua kitabu cha sheria kilichoandikwa kwa Kiingereza, akapitisha kidole, akatafsiri. "Mahakama inaweza kutoa amri ya malezi kadiri itakavyoona inafaa."

"Maana yake nini?"

"Maana yake ni discretion ya hakimu, mzee. Ni hiari yake."

Karani akaitwa chumba kingine, akafunga kitabu. Alichosema kilikuwa kweli, lakini kilikuwa nusu. Mimi nusu kama hizo zinaniudhi sana, kwa sababu anayeumia siyo aliyezisema.

Njiani Elieza alitembea kwa furaha. "Ruthu, nimeelewa. Kumbe jambo liko mkononi mwa mtu. Na jambo lililo mkononi mwa mtu huombwa nyumbani kwake."

Msimcheke. Elieza hakuwa mjinga. Kijijini kwao ndivyo mambo makubwa yalivyofanyika. Ukitaka msamaha, au mchumba, au mahali pa kulishia ng'ombe, huendi kudai mbele za watu. Unamchukua mzee mwenzako. Unafika alfajiri, kabla mwenye kaya hajatoka. Mikono yako haiwi mitupu. Kumdai mtu hadharani ni kumtukana.

"Lakini huyu ni hakimu," Ruthu alisema.

"Hakimu hana mlango?"

Basi wakaenda Nkuhungu, mtaa anaokaa hakimu, Elieza, Ruthu, na Eliakimu, kaka yake Elieza, ambaye ni mzee wa kanisa. Eliakimu alibeba karanga. Elieza alimbeba kwapani kuku wake mkubwa kuliko wote, jogoo mwekundu. Waliuliza nyumba ya hakimu mpaka wakaipata. Wakabisha hodi.

Hakimu alitoka na mswaki mkononi. Alipowaona wazee wamepiga magoti kwenye kibaraza chake, alirudi nyuma hatua moja.

"Shikamooni. Ninyi ni akina nani?"

"Marahaba, mheshimiwa," Elieza alisema. "Sisi ni wale wa mtoto Emiliana. Tumekuja kukuomba. Tunajua uamuzi ni hiari yako. Pokea hiki kidogo."

Uso wa hakimu ulibadilika. Hakukasirika. Alisikitika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mzee, shika kuku wako. Simameni, tafadhali. Msiniambie neno jingine lolote la kesi. Rudini nyumbani."

Mlango ukafungwa. Eliakimu alisema pengine hakimu anapenda mbuzi.

Siku ya kesi ilipofika, hakimu alieleza mbele ya watu wote kilichotokea kibarazani kwake. Kisha akasema, "Upande mmoja umenifuata nyumbani na zawadi. Nikiwapa ushindi, itasemwa nimenunuliwa. Nikiwanyima, itasemwa nimewakomoa. Najitoa. Jalada litakwenda kwa hakimu mwingine."

Sila alimgeukia mkwewe. "Baba, ulikwenda kumhonga?"

Elieza alitazama viatu vyake. Katika maisha yake hakuwahi kuitwa mla rushwa wala mtoa rushwa. Aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Kesi ikakaa. Hakimu mpya alikuwa na mashauri mengi. Walipangiwa tarehe, ikasogezwa. Wakapangiwa nyingine, nayo ikasogezwa. Mvua zikaja, zikakatika kabla mtama haujakomaa. Kisha ikafika habari kwamba Emiliana alilazwa hospitali, akawekewa hewa ya kupumulia. Ruthu aliipata habari hiyo mtoto akiwa ameshatoka, amerudishwa kwenye chumba chenye moshi.

Alikaa chini palepale uani. "Kuku wako amemla mjukuu wangu," alimwambia mumewe.

Jioni ile hakuna aliyekula. Tangu siku hiyo Ruthu aliacha kunyunyizia ua maji. Vumbi liliingia ndani, likakaa juu ya kitanda kidogo cha Emiliana, naye hakulifuta. Alisema hakuna wa kumfutia.

Shamba lililopakana na lao lilikuwa la zabibu. Mwenye shamba aliitwa Sabrina, Mrangi wa Kondoa, wakili anayeishi mjini. Kila Jumamosi alikuja kukagua mizabibu yake. Alizoea kukuta ua wa jirani umelowa na kufagiwa. Jumamosi moja akaukuta kama pori.

"Shikamoo mama. Mnaumwa?"

"Marahaba. Sisi tumekwisha, mwanangu," Ruthu alisema. Akamweleza yote, pamoja na jogoo.

Sabrina alishika kichwa. "Wazee wangu! Mna bahati hakimu yule aliwarudisha tu. Mngeweza kushtakiwa kwa rushwa."

"Karani alisema ni hiari yake," Elieza alijitetea.

"Ni kweli. Ngoja nikueleze, baba. Sheria zetu nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na zina namna yake ya kusema. Mahali pengine sheria inamwambia hakimu: lazima ufanye hivi. Hapo hana la kuchagua. Mahali pengine inamwambia: unaweza. Hapo ana hiari. Inasema hivyo kwa sababu watoto hawafanani, wala nyumba hazifanani. Aliyeandika sheria hakumjua Emiliana. Kwa hiyo kamwachia hakimu amtazame mwenyewe."

"Basi si anafanya apendavyo?"

"Hapana. Mama, ukigawa ugali, nani anakupangia?"

"Nani anipangie? Ni sufuria langu," Ruthu alisema.

"Unaweza kumpa mmoja mkubwa na mwenzake ukamnyima, kwa kuwa humpendi tu?"

Ruthu alifikiri. "Aliyetoka shamba nitampa zaidi. Mgonjwa nitampa laini. Kumnyima mtu bure, hapana. Wataniuliza."

"Hakimu naye huulizwa. Hiari yake ina sababu. Lazima aziandike, na asiyeridhika anaweza kukata rufaa. Katika kesi ya mtoto, sheria imemwambia atangulize jambo moja: lipi lina manufaa kwa mtoto huyu? Siyo nani kapiga magoti vizuri. Siyo ng'ombe walifika au hawakufika."

Elieza alisema polepole, "Kwa hiyo nilikuwa namwombea Elieza. Sikumwombea mtoto."

"Ulimpelekea huruma, baba. Yeye alitaka ukweli wa kushika. Karani aliwasomea neno 'inafaa', hakuwaambia linamfaa nani. Ukisikia mahali popote mamlaka 'inaweza', iwe mahakama, iwe ardhi, iwe halmashauri, uliza mambo mawili. Inatakiwa kuangalia nini? Na mimi nina nini cha kuionyesha?"

"Tutashinda?" Ruthu aliuliza.

Sabrina hakumdanganya. "Sijui, mama. Hiari ni hiari. Mahakimu wawili waadilifu wanaweza kuona tofauti. Na Sila ni baba yake."

Ruthu aliinamisha kichwa. Lakini kesho yake alikwenda zahanati ya Zuzu. Muuguzi aliyemtibu Emiliana miaka yote alikubali kuja kusema alichokiona. Mwalimu wake wa awali naye alikubali. Sabrina, sasa akiwa wakili wao, aliiomba mahakama imtume afisa ustawi wa jamii akazitazame nyumba zote mbili. Hilo nalo mahakama inaweza kulifanya ikiona lina haja, na ililiona. Afisa alikwenda Msalato, akakaa chumba kile wakati maandazi yanakaangwa. Alitoka macho yamejaa machozi ya moshi. Akaja Zuzu pia. Asubuhi hiyo Ruthu alinyunyizia ua.

Siku ya kesi, hakimu mpya, mwanamke, alimuuliza Ruthu, "Kwa nini unataka mtoto huyu?"

Ruthu alitaka kupiga magoti. Magoti yenyewe yalikuwa yameshaanza kukunjika. Akajizuia.

"Mheshimiwa, usiku pumu ikimbana hawezi kuita. Anagonga ukuta. Mimi nalala upande wa pili wa ukuta huo. Msalato ukuta wake una jiko."

Hakimu aliandika. Akamgeukia Sila. "Wewe unasemaje?"

Sila alisimama. "Nampenda mwanangu," alisema. "Ila siku aliyolazwa nilikuwa Singida. Nilipigiwa simu na mtu baki." Akakaa, akafunika uso.

Hakimu alisoma uamuzi wake kwa Kiswahili, pamoja na sababu zake. Afya ya mtoto. Shule aliyoikosa. Ripoti ya afisa. Maneno ya mtoto mwenyewe, ambaye hakimu alizungumza naye faragha. Mtoto akae Zuzu kwa bibi na babu. Baba amtembelee na ashiriki kumtunza. Hali ikibadilika, yeyote anaweza kurudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe.

Elieza alisikia neno "anaweza". Safari hii lilimtia hofu, akamtazama Sabrina. Sabrina akamnong'oneza, "Ndiyo, baba. Ila naye itabidi aonyeshe sababu."

Sasa watu wa Zuzu humfuata Elieza wakiwa na jambo ofisini. Kuna aliyekuja na mbuzi tayari kamfunga kamba, anampeleka nyumbani kwa mkubwa mmoja mwenye kugawa viwanja. Elieza alimshika mkono. "Mrudishe zizini. Kaulize kwanza anatakiwa kuangalia nini, halafu mpelekee hicho ofisini kwake mchana." Husema hivyo kila mara.

Emiliana aliletwa na baba yake Jumapili iliyofuata uamuzi ule. Alikuwa amekonda. Zamani alikuwa akikimbia, anamrukia babu na salamu ya kwao, "Mbukwa!" Siku hiyo alisimama langoni na mfuko wake, akasema taratibu, "Shikamooni," kama mgeni.

Ua ulikuwa umelowa. Ruthu alikuwa ameumwagia maji mara mbili. Alimwosha mtoto, akampa uji, akamlaza kitanda kidogo alichokwisha kukifuta. Elieza alikaa pembeni, hajui pa kuweka mikono.

"Babu," Emiliana alisema. "Kule nilikuwa nagonga ukuta kila siku. Mbona mlichelewa?"

Elieza alimtazama mkewe. Ruthu hakumsaidia.

"Nilikwenda mlango usiofaa, mjukuu wangu," Elieza alisema. "Kosa lilikuwa langu."

Mtoto aligeukia ukutani. Baada ya kitambo aliunyosha mkono, akagonga taratibu. Ruthu alikwisha kwenda upande wa pili, naye akagonga kumjibu.