Kiti cha Babu Kilichokuwa Pembeni

Jua lilikuwa linazama nilipofika uwanja wa kibanda cha Babu, mzimu tunaouwekea nadhiri, kipima-mwanga kikiwa mkobani. Katika kiwanda cha skrini za sinema mjini Korat, Thailand, kazi yangu ndiyo kupima mwanga. Namulika vitambaa vya skrini, nazunguka na kipimo, naangalia mwanga unatawanyika vipi.

Jioni hiyo sikuja kikazi. Khem, mtoto wa dada yangu Duangta, alikuwa hospitali, hana fahamu. Mwanzo dada aliweka nadhiri: akizinduka, Babu ataonyeshwa sinema. Khem akazinduka. Sinema ikaonyeshwa mbele ya viti vitupu, maana viti vya mizimu haviruhusiwi kukaliwa na binadamu. Kulipokucha, mtoto akazimika tena, ndiyo maana jioni hiyo sinema ilikuwa inarudiwa.

"Soda nyekundu ya sadaka amewekewa, filamu kaonyeshwa, bado ananuna!" alilalamika Mjomba Sawaeng, mwenye projekta.

"Mjomba, skrini hii ni mpya?"

"Ya rangi ya fedha! Inang'aa kuliko meno ya bibi harusi."

Akawasha projekta, nikapima. Katikati, mwanga mkali. Nikasogea pembeni, kuelekea kibandani... ukapungua. Ukapungua tena. Kwenye kiti cha mwisho, kiti cha Babu, karibu giza.

"Skrini ya fedha inarudisha mwanga mbele tu," nikasema. "Babu umemweka pembeni. Hakuona kitu."

Mjomba akageukia gari lake.

"Mama yangu! Toa ile skrini nyeupe garini. Upesi!"

Ile nyeupe ilikuwa kuukuu, haing'ai, lakini hutawanya mwanga kila upande. Tukaitundika. Filamu ikaanza. Nikapita kiti kwa kiti na kipimo changu. Sawa. Sawa. Sawa.

Kiti cha Babu...

Sifuri.

Nikafuta kioo cha kipimo. Nikapima kiti cha jirani: sawa. Nikarudi: sifuri. Kama vile kuna mtu ameziba kwa kiganja.

Ikanijia harufu ya udi. Halafu nyingine, nyepesi... dawa ya hospitali.

Nikasogeza kipimo mbele kidogo. Kikagota kwenye kitu laini.

Kile kitu kikavuta pumzi.

"Rampha," Mjomba alinong'ona. "Toka hapo. Usikimbie."

Nikarudi kinyumenyume. Filamu ikaendelea mpaka mwisho, na viti vitupu vikilia kwii... kwii... kama watu wanaojigeuza wakae vizuri.

Skrini ilipobaki nyeupe tupu, simu yangu ikaita.

"Ameamka!" Duangta alikuwa analia na kucheka. "Anataka wali, Rampha! Anataka wali!"

Hospitalini nilimkuta Khem kitandani anafinyanga tonge la wali wa kunata. Shavuni alikuwa na alama nyekundu, ya duara, ukubwa wa kioo cha kipimo changu.

Nikainama kumbusu.

"Mama mdogo," alinong'ona, "ulinigonga."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilipakatwa. Tuliona sinema yote."

"Na nani?"

Akamtupia jicho mama yake, aliyekuwa dirishani akimenya chungwa, anaimba kwa furaha.

"Ana mikono mizito. Hakutaka kuniachia. Akasema ataniachia nikimtajia jina la yule mwenye kipimo."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ukamwambia?"

Khem alitafuna taratibu. Hakuniangalia.

"Nilitaka kurudi nyumbani, mama mdogo."