Jina la Mwisho Kwenye Spika

Rafiki yangu Dagmawi, fundi wa kompyuta hapa Addis Ababa, alinisimulia haya mwenyewe.

Mteja mmoja, Woinshet, alimletea kompyuta iliyokuwa ikikwama. Ndani yake mlikuwa na rekodi pekee ya marehemu mama yake, akiwaita majirani waje kunywa kahawa.

"Usimfute mama, kaka!"

"Kwani mimi mchimba kaburi, dada?"

Programu ya kuchezesha sauti ilikuwa inakula nguvu zote za kompyuta, ingawa hakukuwa na rekodi iliyofunguliwa. Dagmawi aliizima, ikajiwasha.

Kisha umeme ukakatika. Kioo kikazima, duka likawa giza. Kwenye spika, kahawa ikaanza kusikika ikitwangwa kinuni, na mwanamke akaita jina baada ya jina.

"Ndiye mama," Woinshet alinong'ona. "Majirani wote wa kwenye rekodi ameshamaliza kuwaita."

Sauti ikaita tena: "Dagmawi!"