Kijiti cha Juu ya Kabati

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu na banda la kuku. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani. Humo alishinda Fundi, mke wa dereva wa lori, akishona sare za shule na mapazia ya watu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika mtaani. Hata mumewe alimwita Fundi.

Bandani alitawala mama mkwe. Aliuza mayai na vifaranga, na kazi hiyo aliijua nje ndani. Jioni aliwasha tochi na kumulika mayai yaliyokuwa yakiatamiwa, ajue lipi lina kifaranga na lipi ni viza. Fundi ndiye aliyemshikia trei. Walipiga soga na kucheka. Asiyewajua angedhani ni mama na binti yake wa kumzaa.

Lakini mama mkwe alikuwa na kiu ya mjukuu. Ndoa ilikuwa na miaka minne, na mwanawe alikaa zaidi barabarani kuliko nyumbani. Safari moja Dereva alirudi akakaa wiki nzima. Asubuhi ya kuondoka, lori likiwa linanguruma nje, mama mkwe aliingia na kipimo cha mimba alichonunua duka la dawa. Alisema mwanawe hawezi kwenda mbali hivyo bila kujua.

Fundi aliona haya, lakini alipima. Mstari ukatokea mmoja tu. Hakuna mimba. Dereva akasema Mungu atajalia, akapanda lori. Mama mkwe alikifunga kile kijiti cha kipimo kwenye karatasi, akakiweka juu ya kabati.

Wiki tatu hivi zikapita. Hedhi ya Fundi ikachelewa. Harufu ya chai ikaanza kumchefua. Akanunua kipimo chake mwenyewe bila kumwambia mtu, akapima. Mara hii mistari ilitokea miwili, mizito, haina ubishi.

Alikimbia bandani na kile kijiti mkononi. Alitegemea vigelegele. Mama mkwe alikitazama. Akaingia ndani, akapanda kigoda, akateremsha kile cha juu ya kabati.

"Hiki ulipima mwanangu akiwa humu ndani. Kikasema hapana," alisema. "Hiki kinasema ndiyo, na mwanangu yuko barabarani. Sasa niambie, hapo katikati aliingia nani?"

Fundi alidhani amesikia vibaya. Alipoelewa, damu ilimchemka mpaka masikio yakamuuma. Huyu ndiye mama ambaye yeye Fundi alikula naye, akamfulia nguo, akamshikia trei kila jioni.

Kufika adhuhuri, mteja mmoja wa mayai alikuwa ameshaambiwa. Na mtaa ukipata neno kama hilo hautulii. Kufika jioni, mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijashonwa, na hakumtazama Fundi usoni. Kisha simu ikalia. Alikuwa Dereva, ameshapigiwa na mama yake. Hakugomba. Aliuliza kwa upole kabisa imekuwaje, kwa maana kipimo kilisema hapana yeye akiwepo. Upole ule ulimkera Fundi kuliko matusi. Alimkatia simu.

Mama mkwe alitangaza kwamba mwanawe akirudi asimkute Fundi humo ndani. Fundi alianza kufungasha. Alikunja nguo mbili, ya tatu akaitupa chini. Aende wapi, na kwa kosa gani? Akiondoka, ule uongo utabaki nyuma yake, na mtoto atazaliwa nao.

"Siondoki," alimwambia mama mkwe. "Kesho tunakwenda zahanati, mimi na wewe. Beba na hivyo vijiti vyako."

Mama mkwe alikubali upesi. Alikuwa na hakika anakwenda kushinda.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke mnene, mchovu, asiyependa kuzungushwa. Mama mkwe alitandaza vijiti mezani na kueleza kisa chote, huku akimsonta mkwewe kwa kidole. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakisukuma kile cha kwanza pembeni.

"Hiki kilipimwa mapema mno," alisema. "Hakina ushahidi wowote."

"Kilisema hapana."

"Mama, siku watu wanapolala pamoja, mwili bado haujui lolote. Mbegu ya mwanamume ikikutana na yai la mwanamke, yai hilo linasafiri kwanza. Linatembea wiki moja hivi, wakati mwingine zaidi, ndipo lijishikize kwenye mji wa mimba. Likishajishikiza ndipo mwili unaanza kutengeneza homoni ya mimba. Kijiti hiki kinatafuta homoni hiyo kwenye mkojo. Kama haipo, au bado ni kidogo, kinaonyesha mstari mmoja. Mimba inaweza kuwa imeshatungwa, nacho kisiione."

Fundi aliuliza basi mtu apime lini. Muuguzi akajibu kwamba asubiri hedhi ichelewe, yaani kama wiki mbili tangu mimba kutungwa. Kipimo cha damu huwahi kidogo kuliko cha mkojo, lakini nacho hakiwezi kuona kitu siku za mwanzo kabisa. Ambaye hedhi yake haina mpangilio asubiri wiki tatu tangu alipokutana na mwanamume. Na mkojo mzuri ni ule wa kwanza wa asubuhi.

"Ukipima mapema ukapata hapana, usiiamini," alisema. "Rudia baada ya siku chache, au wiki. Hapana ya mapema maana yake ni bado hatujui."

Mama mkwe alibetua midomo. Alisema hayo ni maneno ya vitabuni, na kwamba wasomi hawakosi la kuteteana. Hapo Fundi alishindwa kuvumilia. Aligeuza kiti, akamkabili.

"Mama, kuku akianza kuatamia leo, ukamulika yai leo hii hii, unaona nini?"

"Utaona nini siku hiyo? Huoni kitu."

"Unalitupa?"

"Nilitupe nina wazimu? Nitasubiri siku zake. Wiki ikikaribia ndipo mishipa..."

Hakumaliza. Aliangalia vile vijiti, akaangalia tumbo la Fundi, kisha akaangalia sakafu.

"Yai la kuku ulilisubiri, mama," Fundi alisema. "Mimi umenitupa."

Muuguzi alijifanya anapanga sindano.

Njiani mama mkwe alisema neno moja, "Nisamehe." Fundi alimwambia samahani ya njiani haitoshi, kwa sababu yeye hakutukanwa njiani. Basi mama mkwe, kwa miguu ileile iliyopeleka uvumi, alirudi mlango kwa mlango akiufuta. Alieleza habari za kipimo, akaeleza habari za mayai, akasema waziwazi kwamba mwenye kosa ni yeye. Yule mama wa kitambaa alikirudisha. Fundi alikishona, lakini hakumpunguzia bei kama zamani.

Dereva naye alipigiwa simu na mama yake, akaambiwa ukweli. Kisha Fundi akaichukua simu.

"Mama hakujua," alimwambia. "Wewe ulikuwa nami wiki nzima. Ulishindwaje hata kuuliza mtu?"

Aliporudi, Dereva alikuta mto wake umehamishiwa chumba cha cherehani. Alilala humo kati ya mapazia ya watu mpaka alipojua kuomba radhi bila kutia neno "lakini". Alianza pia kumsindikiza mkewe kliniki kila alipokuwepo. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye masikio ya baba yake yaliyosimama. Mtaa mzima uliyaona. Fundi alisema hata angekuwa na masikio mengine, ukweli ungebaki uleule.

Miaka miwili baadaye, asubuhi ya safari nyingine, Dereva aliingia na pakiti kutoka duka la dawa. Walikuwa wanatamani mtoto wa pili. Kabla Fundi hajanyanyuka kwenye cherehani, mama mkwe alitoka bandani na kuinyakua ile pakiti mkononi mwa mwanawe.

"Umulike nini? Kuku ndiyo kwanza amekaa," alifoka. "Panda lori lako. Hedhi ikichelewa atapima. Tukijua, utajua."

Akapanda kigoda, akaiweka pakiti juu ya kabati, haijafunguliwa. Fundi alikanyaga cherehani akaendelea kushona.